Nilionja kwa Niaba Yake

Picha ile bado inazunguka kwenye simu za watu wa Bariadi. Nimesimama katikati ya shamba la pamba, kata ya kibuyu iko mdomoni, na pombe ya mtama inanichuruzika kidevuni. Nimevaa fulana nyeupe ya semina iliyoandikwa kifuani kwa herufi kubwa: MAISHA BILA URAIBU. Aliyepiga alijua kulenga. Maneno yote yanasomeka.

Nimeulizwa kuhusu picha hiyo na mkubwa wangu wa kazi pale zahanati, nikaulizwa na wazee wa kanisa, nikaulizwa na mama mkwe aliyepiga simu kutoka Maswa huku analia. Wote niliwajibu jibu moja. Ni mimi yule, picha haijachezewa. Nilikunywa, na siku ile ikirudi nitakunywa tena. Nasimulia sasa kwa sababu nimechoka kusimuliwa na wengine. Msamaha sijaomba na sina mpango wa kuomba.

Mimi ni nesi, kituo changu kiko upande wa Dutwa. Kwa miaka mingi walevi walikuja kwetu tukawashona vichwa, tukawatundikia dripu, tukawaambia waache pombe. Wakaitikia "ndiyo nesi" kwa adabu kabisa, wakatoka hapo kwenda kunywa. Tulikuwa tunafuta maji sakafuni huku bomba liko wazi. Kwa hiyo yalipotangazwa mafunzo ya kuhudumia watu wenye uraibu na kiwewe, niliomba siku hiyo hiyo. Utaratibu wake ulikuwa hivi: unakaa ukumbini Bariadi kwa muda, unarudi kituoni kwako kufanya kwa vitendo na mtu mmoja, unarudi tena ukumbini. Mwisho unasimama mbele ya jopo na kueleza ulivyomhudumia mtu wako. Wanakupa cheti, au hawakupi.

Niliyapenda mafunzo, niseme hilo mapema, maana kuna wanaodhani nilikwenda kule kutafuta ugomvi. Mwezeshaji wetu alikuwa mama wa makamo kutoka Mwanza, mwembamba, sauti ya chini, na kazi yake aliijua. Alitufundisha kunyamaza. Sisi manesi hatujui kunyamaza. Mgonjwa akianza kulia tunamwambia "nyamaza, utapona" na tunaita mwingine. Yeye alituweka wawili wawili kwenye igizo dhima, mmoja mgonjwa na mwenzake mshauri, na kila nilipofungua mdomo kutoa mawaidha alinigusa bega. "Hujaulizwa," alininong'oneza. Nilimchukia kwa siku kadhaa. Kisha nikarudi nyumbani nikamsikiliza mume wangu bila kumkatiza, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Jambo moja tu lilinikaa vibaya. Siku moja aliandika kwenye bango kitita kwamba mtu anayeacha pombe ajitenge na watu aliokuwa akinywa nao, mahali alipokuwa akinywea na vitu vinavyomtia hamu. Vichochezi, ndivyo vinavyoitwa. Angalau mwanzoni, alisema, akae navyo mbali. Nilinyoosha mkono nikauliza: na kama mahali penyewe ni shamba lake? Ukumbi ulicheka. Mwezeshaji hakucheka, alisema tutalizungumza wakati wa vitendo. Mimi sikuwa natania. Kichwani nilikuwa tayari nina mtu.

Alikuwa mama aliyenizidi umri sana, nami nilimwita mayu, kama tunavyowaita mama zetu. Ameniruhusu kusimulia haya kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisimfanye mtu wa kuhurumiwa. Mume wake alipigwa na radi wakati wa palizi, mayu akiwa mstari wa jirani na jembe mkononi. Alimwona anavyoanguka. Aliponisimulia alifika kwenye harufu, akanyamaza, nami nikanyamaza naye kama nilivyofundishwa, na kunyamaza huko kulikuwa kugumu kuliko sindano yoyote niliyowahi kuchoma. Tangu siku ile mawingu yakikusanyika mikono yake hutetemeka. Njia aliyoipata ya kuingia shambani ilikuwa gongo. Mwanzoni alikunywa kabla ya kushika jembe. Baadaye alikunywa kabla ya kuamka vizuri. Siku alipoletwa kwetu alikuwa ameangukia mafiga ya jikoni, mkono mmoja umeungua mpaka kiwikoni.

Tulimlaza na kumwangalia kwa karibu, kwa sababu mtu aliyezoea gongo akiiacha ghafla anaweza kufa. Mkono ulipona, na gongo akaiacha. Sitajisifu kwamba mimi nilimwachisha. Nilichofanya ni kukaa naye kila Alhamisi kwenye chumba cha chanjo, kilichokuwa wazi siku hiyo, akazungumza alichotaka. Wiki zilipita, macho yakarudi kuwa ya mtu anayekuona. Kisha mvua zikaanza, pamba ikachipua, na majani nayo yakachipua.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa maji ya shingo. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa anasema hadharani kwamba shamba lile likizidiwa na majani msimu huu tena, yeye atalichukua. Msimu uliopita nusu ya pamba ilimezwa, na kila mtu alijua kwa nini. Mwanamke mlevi hawezi kukabidhiwa ardhi ya ukoo, hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, na kikao cha ukoo kilikuwa kimeanza kumsikiliza. Kwa hiyo mayu alitakiwa kupalilia, tena kupalilia bila kunywa. Akishindwa la kwanza anapoteza shamba. Akishindwa la pili sijui kama angerudi kwetu akiwa hai.

Na kwetu mtu hapalilii eneo kama lile peke yake. Kuna vikundi vya jembe vinavyozunguka shamba kwa shamba, wakilima kwa nyimbo, chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Wanaingia asubuhi na mapema, na jua likiwa kali kazi imekwisha. Mwenye shamba anawapa pombe. Haihesabiwi kama malipo, ni heshima yao. Lakini haimiminwi hivi hivi: mwenye shamba huchota kata ya kwanza na kuinywa yeye mwenyewe mbele ya wote, waone kwamba haijatiwa kitu kibaya, ndipo wageni nao wanakunywa. Asipokunywa yeye, hakuna atakayegusa, na kikundi hakitakanyaga tena kwake.

Sasa mweke hapo mjane ambaye mume wake kauawa na radi. Kwa wengi wetu radi haipigi bure, ina aliyeituma, na minong'ono ilikwisha kupita kwamba aliyeituma alikuwa karibu. Mjane huyo akikataa kuonja pombe yake mwenyewe, minong'ono inakuwa kelele. Tumezika wanawake wazee katika mkoa huu kwa sababu ya kelele za aina hiyo. Mayu alilijua hilo kuliko mimi. "Nikionja nimekwisha," aliniambia, "na nisipoonja nimekwisha." Alisema kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Nilimpigia mwezeshaji simu, nikamwambia nataka mayu aingie shambani na kikundi, nami niwe kando yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo namsifia.

"Msimu huu asiende shambani," alisema. "Amwombe ndugu amsimamie."

"Ndugu ndiye anayelitaka shamba."

"Basi awape chakula badala ya pombe."

"Chakula cha mwanamke anayesemwa mchawi? Nani atakila?"

"Mpango wako unampeleka kwa watu wale wale, mahali pale pale, kwenye kitu kile kile," alisema. "Vyote kwa siku moja. Siwezi kuupitisha, mwenzangu. Ukimwua je?"

"Basi usiupitishe," nikasema, nikakata simu. Nilikuwa na hasira hata nikashindwa kufungua mlango wa chumba changu mwenyewe. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililonikera. Alichosema kilikuwa sahihi kwa mtu ambaye akiacha kwenda baa maisha yanaendelea. Mayu akiacha kwenda shambani, hana maisha ya kuendelea nayo.

Tukapanga sisi wawili. Pombe itapikwa kwa jirani, italetwa na bodaboda kazi ikikaribia kwisha, yeye hataipika wala kuimimina. Binti yake aliyeolewa Kiloleli atakuja kuonja, kwa kuwa nsumba ntale alikubali kwamba mtoto wa nyumba anaweza kumwonjea mama yake. Mimi nitakuwa kwenye mstari pamoja naye, na jembe langu.

Siku ilipofika nilivaa fulana ya semina kwa sababu ndiyo nguo ambayo ningeichafua bila majuto. Hilo nalo nimeulizwa mara nyingi, kana kwamba nilikaa mbele ya kioo nikapanga kuwatukana.

Kikundi kilikuja kamili. Nimekulia kwenye jembe lakini uzembe wa ofisini ulinikamata. Kabla hatujafika katikati ya shamba viganja vilikuwa vimechubuka, na kijana mmoja akauliza kama manesi siku hizi wanalima kwa thamometa. Mayu alilima mbele yangu. Hakuimba, lakini hakusimama. Mbingu ilikuwa safi, nikaishukuru. Kisha simu yangu ikalia: mvua ya usiku ilikuwa imekata barabara, basi limekwama, binti hafiki.

Sikumwambia. Nilidhani nitapata la kufanya. Bodaboda ikaja na ndoo zake, watu wakachomeka majembe ardhini, wakakaa. Harufu ya mtama uliochachuka ilitufikia wote. Nsumba ntale, baba mmoja mpana mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, akaweka kata juu ya kifuniko cha ndoo.

"Mayu," akasema, "tunakusubiri wewe."

Mayu alitafuta binti yake kwa macho, akanitazama, akaelewa. Kisha akaitazama ile ndoo. Watu walianza kutazamana. Shemeji yake alikuwa amesimama pembeni na baiskeli, hakushika jembe siku nzima, na sasa alikuwa anatabasamu. Nikaona mkono wa mayu, ule wenye kovu la moto, unanyooka kuelekea kwenye kata.

Niliifikia kabla yake.

"Naonja mimi," nikasema.

"Wewe nani kwake?" nsumba ntale akauliza.

"Binti yake."

"Wewe ni nesi."

"Kwani nesi hana mama?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine. Nsumba ntale hakucheka. Alinipima kwa macho kutoka miguuni hadi usoni, akatazama viganja vyangu vilivyochubuka. "Umelima," alisema mwisho. "Kunywa basi. Ukiacha hata tone hujaonja."

Nimezaliwa kwenye nyumba ya walokole. Baba yangu hakuruhusu hata togwa ya jana kubaki jikoni. Sikuwahi kuonja pombe maishani mwangu, na sikujua kwamba ni chungu, nzito, na ina makapi yanayokwama kooni. Nilikohoa, machozi yakanitoka, nusu ikanimwagikia, nikamaliza iliyobaki. Shamba zima lilishangilia kana kwamba nimefunga goli. Hapo ndipo simu ya mtu ilipotoka mfukoni. Lakini mayu alikuwa amerudi nyuma, mikono yote miwili ameikumbatia kifuani, na hakunywa. Tuliondoka pamoja mimi na yeye kabla ndoo ya kwanza haijaisha.

Picha ilifika Bariadi kabla yangu. Kwaya ilinisimamisha Jumapili iliyofuata. Sasa naimba nikiwa benchi la mwisho, na nahakikisha nasikika mpaka mbele. Kazini niliitwa nikaonywa. Na siku ya jopo niliingia ukumbini nikakuta picha imekwisha wekwa kwenye projekta, kubwa ukuta mzima, mimi na kidevu changu.

"Unaweza kutueleza?" mzee aliyekaa katikati ya jopo aliuliza.

"Naweza," nikasema, nikaeleza. Nilieleza radi, shamba, kata, minong'ono. Nilieleza kwamba mtu wangu mpaka siku hiyo alikuwa hajagusa pombe. Wengine walitikisa vichwa kwa huruma, wengine kwa kuchukizwa. Mwishowe wakasema watanipa cheti iwapo nitaandika barua ya kukiri kwamba nilivunja maadili ya mshauri, na kuahidi kutorudia. Kijana mmoja wa jopo alinisogezea kabisa karatasi na kalamu.

Nilivirudisha vyote viwili. "Siwezi kuahidi kutorudia," nikawaambia. "Palizi ya pili ni mwezi ujao." Nikatoka.

Mwezeshaji alinifuata barazani. Nilijiandaa kwa mahubiri, hakuhubiri. Alisimama kando yangu akitazama watu wakishuka kwenye bodaboda pale nje.

"Hukukosea siku ile," alisema. "Ningekuwa mimi sijui kama ningethubutu. Lakini niambie. Palizi ya pili utaonja wewe. Na mwakani? Na ukihamishwa kituo? Umemtoa kwenye gongo ukamfunga kwako."

Nilitaka kumjibu. Nina ulimi, wanaonifahamu wanajua. Lakini nilirudi Dutwa nimekasirika kuliko nilivyokasirika na jopo zima. Njiani nilitunga majibu mengi mazuri. Hakuna hata moja lililojibu swali lake.

Alhamisi iliyofuata nilimweleza mayu kila kitu, pamoja na swali. Sikumwambia afanye nini. Alikaa akikuna kovu lake, akaniuliza, "Huyo mama wa Mwanza, ana shamba?"

"Sijui."

"Ana akili," mayu akasema, akaaga.

Habari zilizofuata nilizisikia kama watu wengine walivyozisikia. Mayu mwenyewe alikuwa amekwenda kwa nsumba ntale mchana kweupe, akamwambia mbele ya wake zake kwamba palizi ya pili kwake haina pombe. Kutakuwa na wali na mbuzi. Anayetaka aje, asiyetaka asije. Nilishtuka. Kwa watu wale wali wake ulikuwa hatari kuliko gongo ya mtu mwingine. Nilitaka kumkimbilia nimwambie asubiri, tupange. Nilijizuia kwa shida kubwa.

Asubuhi ya siku ile kikundi kilikuja pungufu, karibu nusu yao hawakuonekana. Nsumba ntale alikuja, amekunja uso. Shemeji naye alikuja na baiskeli yake kushuhudia. Mimi nilishika mstari wangu nyuma ya mayu, viganja vikiwa na ngozi mpya.

Katikati ya kazi mbingu ikawa nyeusi upande wa ziwa. Ngurumo ya kwanza ilikuwa mbali. Ya pili haikuwa mbali. Nyimbo zilikatika, watu wakasimama wakimtazama mayu, na mimi nikamtazama pia. Mikono ilikuwa inamtetemeka hata jembe likawa linagonga mawe ovyo. Nikaacha mstari wangu nimfuate. Alinisikia, akatikisa kichwa bila kugeuka. Akainua jembe kwa ile mikono inayotetemeka akalishusha, akaliinua tena akalishusha, akawa anazungumza na mtu kwa sauti ya chini. Nilidhani anasali. Niliposogea nilisikia anamtukana marehemu mume wake kwa kumwachia mistari yote hii. Mvua ilipita pembeni. Watu wakarudi kwenye majembe, mmoja baada ya mwingine, na shamba likaisha, ingawa jua lilikuwa limesogea sana.

Wali ukaletwa kwenye sinia kubwa, nyama juu. Ukawekwa katikati. Hakuna aliyenawa. Shemeji akasema kwa sauti, bila kumwelekea mtu, kwamba yeye amekula nyumbani.

Nikasimama. Nilikuwa tayari, mkono umekwisha nyooka kuelekea kwenye sinia.

"Nesi," mayu akasema, "kaa chini."

Iliniuma. Sitadanganya, iliniuma kama kofi, mbele ya watu wale. Nikakaa.

Mayu alinawa mikono taratibu, akapiga magoti mbele ya sinia lake mwenyewe, akachota tonge la wali na nyama, akala. Akachota jingine. Alikula akiwatazama mmoja mmoja, na mikono ilikuwa bado inatetemeka kidogo, hakuificha.

"Radi ilimwua mume wangu," alisema. "Mimi haikuniua. Gongo nayo haikuniua. Anayeogopa wali wangu aende kwake, sitamfuata. Mwakani nitapika tena."

Nsumba ntale alikaa kidogo akitafuna kijiti. Kisha akaomba maji ya kunawa, akasogea, na akachagua kipande chenye mfupa. Baada yake mikono ikawa mingi, mpaka mimi niliyechelewa nikaambulia ukoko.

Shemeji alipanda baiskeli akaondoka. Ilibidi apite kando ya shamba lote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na katikati ya pamba hapakuwa na jani hata moja.